Alirudi: Maneno ya Kumkumbuka Daktari Matthew Lukwiya

Wenzetu wengi hawakufika kwenye mkutano kwa sababu walikuwa zamu. Nimeiandika hotuba yote hapa kama nilivyoitoa, ili nao waipate.

Wazee wangu, shikamooni. Matroni, madaktari, wauguzi, watu wa maabara, wahudumu wa usafi, walinzi wa getini, madereva wa magari ya wagonjwa, na ninyi ndugu zetu wa chumba cha maiti ambao kila mara mnasahauliwa kwenye salamu, hamjambo? Na ninyi wanafunzi wa uuguzi mliojibana kule nyuma, sogeeni mbele, viti vipo. Habari ya leo ni yenu hasa.

Ahsanteni.

Leo ni tarehe 5 Desemba. Tarehe kama ya leo, mwaka 2000, siku ya Jumanne, saa saba na dakika ishirini usiku, Daktari Matthew Lukwiya alifariki dunia katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa na umri wa miaka 43. Alikufa kwa Ebola, katika wodi aliyoianzisha yeye mwenyewe, akiuguzwa na watu aliowafundisha yeye mwenyewe.

Jana niliwauliza hawa wanafunzi wangu ni wangapi wanalijua jina lake. Mikono miwili ilinyanyuka. Miwili, darasa zima! Sikuwalaumu wao. Nilijilaumu mimi na wenzangu wa umri wangu, kwa sababu tuliosikia tulipaswa kusimulia, na hatukusimulia.

Mimi sikuwahi kuonana naye. Jina lake nililisikia redioni Desemba ile ile, tukiwa chumba cha wauguzi tunakabidhiana zamu. Msomaji wa taarifa akasema daktari aliyekuwa akiongoza mapambano dhidi ya Ebola kule Gulu amefariki kwa ugonjwa huo huo. Chumba kizima kikanyamaza. Mwenzangu mmoja alikuwa anakung'uta kipimajoto, kile cha zamani cha zebaki, mkono ukabaki hewani. Hatukuwa tumewahi kuona mgonjwa wa Ebola hata mmoja. Lakini kila mmoja wetu alijua, bila kuambiwa, kwamba yule alikuwa mtu wetu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza habari zake. Nikitakiwa kuyaeleza maisha yake kwa neno moja, neno langu ni hili: alirudi. Kila alipopata nafasi ya kuondoka, nafasi halali kabisa ambayo hakuna mtu angemnyooshea kidole, yeye alirudi. Lishikeni neno hilo, nitalirudia.

Alizaliwa mwaka 1957, mtoto wa Kiacholi, upande wa Kitgum. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Mama yake alikuwa mchuuzi, na kwa uchuuzi huo akawalea watoto. Kijana akawa na akili ya darasani isiyo ya kawaida, akasoma kwa ufadhili hatua kwa hatua hadi akaingia Makerere kusomea udaktari. Mwaka 1983 akafika Lacor kufanya mafunzo kwa vitendo.

Niwaeleze kidogo Lacor ilikuwa mahali gani, maana mtu haumbwi na vitabu peke yake. Ni hospitali ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1959. Mwaka 1961 walifika pale Piero Corti, daktari wa Kiitaliano, na Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Canada. Walioana, wakaijenga ile hospitali maisha yao yote. Vita vilipokuja, Lucille alikuwa mezani akipasua majeruhi usiku na mchana. Ninyi mnaofanya kazi tiyeta mnajua mfupa uliovunjwa na risasi unavyokuwa: una ncha, unachana glavu, unachana na kidole. Ndivyo Lucille alivyoambukizwa virusi vya UKIMWI. Alijua hali yake mwaka 1985, na akaendelea kufanya kazi miaka mingine zaidi ya kumi, hadi alipofariki mwaka 1996.

Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa Matthew Lukwiya. Kabla ya kukutana na Ebola, kijana yule alikuwa ameshaona kwa macho yake kwamba kazi hii inaweza kuingia mwilini mwa mtu na isitoke. Aliona, na akabaki.

Sasa nisikilizeni habari ya mwaka 1989. Kaskazini mwa Uganda kulikuwa kunawaka moto. Wakati wa Pasaka, waasi waliingia hospitalini wakitaka kuwachukua masista, watawa wa Kiitaliano waliokuwa wakihudumu pale. Lukwiya akasimama mbele yao akawaambia wawaache masista, wamchukue yeye. Wakamchukua. Akatembezwa porini muda wa wiki moja, akiwa bado amevaa koti lake la kazini. Hebu jipigieni picha lile koti jeupe lilivyokuwa siku ya saba, kwenye nyasi na matope!

Baada ya wiki wakamwachia. Ndugu zangu, wewe ungefanya nini? Una elimu, una jina, una familia. Kampala ipo, na miji ya mbali zaidi ipo pia. Nani angekulaumu ukifungasha?

Alirudi wodini.

Muda si mrefu akaenda Liverpool, Uingereza, kusomea shahada ya uzamili ya afya ya watoto wa nchi za tropiki, akafaulu vizuri sana. Mtu wa kiwango kile angepata kazi Ulaya, na watoto wake wangesoma huko. Alirudi. Wala hakurudi kwenye amani, vita vilikuwa bado vinaendelea. Hospitali ikawa haitibu tu, ikawa pia malazi. Jioni ikiingia, watu wa vijiji vya jirani, kina mama na watoto wao, walikuwa wanaingia ndani ya uzio wa hospitali kwa maelfu ili walale pale wasije wakatekwa usiku. Asubuhi wanaondoka, jioni wanarudi. Kuna mtu aliyekuwa na mamlaka ya kusema geti lifungwe, kwamba hapa ni hospitali, si kambi. Mtu huyo ni Lukwiya, na hakulifunga geti.

Mnaofanya kazi za utawala mnajua maana yake. Watu maelfu ni vyoo, ni maji, ni takataka, ni kelele karibu na wagonjwa. Kila asubuhi mtu anakuja na malalamiko, na malalamiko yake ni ya kweli. Bado geti likabaki wazi. Mimi naona wema wa aina hiyo ni mgumu kuliko ule wa siku aliyojitoa kwa waasi. Siku ile ulikuwa ujasiri wa dakika moja, kisha mengine yalikuwa nje ya uwezo wake. Geti lile alikuwa analiamua upya kila siku jioni.

Mwisho wa mwaka 1998, baada ya miaka kumi na mitano ya Lacor, alikwenda Kampala na familia yake kusomea afya ya jamii pale Makerere. Mke na watoto watano wakapata mahali penye utulivu. Alikuwa amestahili, hilo sijasikia mtu akilikataa.

Halafu Jumamosi ya tarehe 7 Oktoba 2000, simu ikapigwa. Kaimu wake kule Lacor alimwambia kuna ugonjwa hawauelewi, na wauguzi wanafunzi wawili wamekwisha kufa.

Wanafunzi. Mnasikia ninyi vijana? Wa kwanza kuanguka walikuwa watu wa umri wenu, wa sare kama hiyo mliyovaa. Ndiyo maana nikasema habari ya leo ni yenu.

Kutoka Kampala hadi Gulu ni zaidi ya kilomita 300. Alifika siku ile ile. Alirudi, na hii ndiyo mara ya mwisho nitakayolitamka neno hilo juu yake, kwa sababu safari hii hakuondoka tena.

Kuhusu usiku ule wa kwanza nitachukua muda, mnisamehe, kwa sababu ndipo ninapompenda zaidi. Alipofika, mwanafunzi mwingine alikuwa anakata roho, akishuhudia. Baada ya hapo hakutoa hotuba. Aliketi. Yeye na sista mmoja mtawa wakatoa mafaili ya wagonjwa, wakayapitia moja baada ya jingine usiku kucha. Homa, kutapika, kuharisha, damu. Kule malaria ni ya kila siku, homa peke yake haikushtui. Lakini ukiweka faili juu ya faili, jambo linaanza kujitokeza. Kufika asubuhi walikuwa wamepata wagonjwa 17 wanaofanana.

Kwa hiyo nawauliza: wagonjwa hao 17 wangeonekana vipi kama wauguzi wa Lacor wasingekuwa wanaandika? Muuguzi fulani, ambaye jina lake hatutalijua kamwe, saa tisa usiku, miguu imevimba, aliandika kwenye faili kwamba mgonjwa anatoka damu kwenye fizi. Angeweza kuacha, asingeulizwa na mtu. Aliandika. Mwaka huu nimekuta hapa kwetu faili lililoandikwa «hali ile ile» mara sita mfululizo, na mgonjwa hakuwa na hali ile ile. Nimesema na mhusika, yamekwisha. Lakini nataka mjue Ebola ya Gulu ilikamatwa kwa kalamu kabla haijakamatwa na maabara.

Pamoja na mafaili, Lukwiya alikuwa na mwongozo. Shirika la Afya Duniani na wataalamu wa Marekani walikuwa wameutoa mwaka 1998, unaoeleza jinsi hospitali ya Afrika yenye vifaa vichache inavyoweza kujikinga na homa za virusi zinazosababisha kutoka damu. Uliandikwa baada ya Ebola ya Kikwit, Kongo, mwaka 1995, ambako waliugua watu 315, wafanyakazi wengi wa afya wakiwa miongoni mwao. Maana yake kila ukurasa ulikuwa na mtu wetu nyuma yake. Lukwiya aliusoma, akafuata. Akatenga wodi. Akaomba wa kujitolea. Akapiga simu Wizara ya Afya, hakungoja barua ipite ofisi hadi ofisi. Damu ikapelekwa Afrika Kusini, na katikati ya Oktoba majibu yakarudi: ni Ebola, ile aina ya Sudan. Wataalamu wa kimataifa walipowasili walikuta wodi ya kuwatenga wagonjwa inafanya kazi tayari.

Na pale mlangoni palikuwa na utaratibu wa kuvaa. Gauni. Juu yake aproni ya plastiki. Buti za mpira. Kofia. Barakoa. Glavu, na juu ya glavu glavu nyingine. Na miwani ya kukinga macho. Joto la Gulu mnalijua ninyi mliowahi kufika kaskazini. Ndani ya vazi hilo jasho linashuka mgongoni kama umemwagiwa maji, na miwani inaingia ukungu mpaka humwoni vizuri unayemhudumia.

Pamoja na yote hayo, wafanyakazi waliendelea kufa. Jumla ya mlipuko ule ilikuwa wagonjwa 425 na vifo 224, mpaka ulipotangazwa kwisha Februari 2001. Hadi wakati huo haujawahi kuonekana mlipuko wa Ebola mkubwa kama ule. Na ndani ya hesabu hiyo kuna wafanyakazi wa Lacor zaidi ya kumi. Wauguzi, wanafunzi, mtawa. Walikuwa wakiingia wodini asubuhi kumhudumia mwenzao ambaye juzi walikula naye meza moja.

Mwishoni mwa Novemba wakachoka. Wakakusanyika ukumbini, wakasema basi, hospitali ifungwe. Niseme wazi mbele yenu: sitamruhusu mtu hapa awaite waoga. Mtu aliyeingia wodi ile hata siku moja si mwoga. Walikuwa wanazika wenzao mmoja baada ya mwingine, na nyumbani majirani walikuwa wanawakimbia.

Lukwiya akaenda ukumbini kuwasikiliza na kusema nao. Kwa jinsi inavyosimuliwa, hakuwatisha kwa barua za kufukuzwa kazi. Aliwaambia habari ya mwaka 1989. Aliwaambia yeye habanduki mpaka ugonjwa uishe. Wakatoka pale, wakarudi wodini. Kwa nini walimsikiliza? Ukifikiri ni ufasaha wa maneno hujawajua wauguzi. Walimsikiliza kwa sababu kila alfajiri walikuwa wanamkuta ametangulia.

Katika siku hizo hizo za Novemba, alfajiri moja, muuguzi mmoja mgonjwa, kijana wao wenyewe wa Lacor, alichanganyikiwa kwa homa, akatoka kitandani anavuja damu. Wauguzi wa usiku wakaogopa, wakamwita daktari. Lukwiya aliamshwa usingizini, akaja mbio. Akavaa. Gauni. Aproni. Buti za mpira. Kofia. Barakoa. Glavu juu ya glavu.

Miwani hakuvaa.

Kwa nini? Hakuna ajuaye. Yeye aliyewakagua wengine wote mlangoni kwa majuma sita, yeye aliyekuwa mkali kwa hilo kuliko mtu yeyote. Pengine usingizi. Pengine zile kelele. Pengine alimwona kijana wake amelowa damu, asione kingine. Alimhudumia, na yule kijana akafariki. Wenzake wanaamini ni hapo alipoambukizwa.

Homa ilipompanda, akaingia wodi ya kutengwa kama mgonjwa. Wauguzi waliokuwa karibu naye wamesimulia kwamba alimwomba Mungu, kama ni kufa katika utumishi wake basi iwe hivyo, ila yeye awe wa mwisho. Alizikwa siku ile ile aliyofariki, na wazikaji wamevaa mavazi yale yale ya wodini. Kwa watu ambao kwao mwili wa marehemu huoshwa na kushikwa na jamaa, mke wake na wenzake walisimama kwa mbali wakiangalia. Kaburi lake liko ndani ya eneo la hospitali, ubavuni kwa Lucille. Piero Corti alipofariki mwaka 2003 akazikwa hapo hapo. Wamelala watatu.

Ndugu zangu, hapa ndipo hotuba nyingi za kumkumbuka zinapoishia. Anaitwa shujaa, watu wanapiga makofi, wanakwenda kunywa chai. Mimi siwezi kuishia hapa.

Turudi nyuma, mwaka 1976, mara ya kwanza kabisa Ebola kutambuliwa. Hospitali ya misheni ya Yambuku, nchi iliyoitwa Zaire. Kila asubuhi wauguzi walikuwa wanapewa sindano tano. Tano! Za wagonjwa wote wa siku, hospitali nzima. Inasuuzwa, inachoma mwingine. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali ile, 11 walikufa. Walikuwa na upendo mdogo kuliko Lukwiya? Hapana. Walikuwa na sindano tano.

Miaka yangu ya mwanzo nilifanya kazi hospitali moja, sitaitaja, ambako glavu zilikuwa zinafungiwa kabatini na ufunguo anao mtu anayeondoka saa tisa na nusu alasiri. Watoto wanazaliwa usiku, mnajua. Tulikuwa tunavaa mifuko ya nailoni, ile ya sokoni, tunaifunga kwa uzi kifundoni, tunazalisha. Na kila mwaka, Siku ya Wauguzi, mgeni rasmi alikuja kutuita malaika. Nilipiga makofi na mikono hii hii.

Kwa hiyo nikiambiwa mtu fulani ni shujaa wa afya, swali langu ni moja: glavu anazo? Nani ana ufunguo wa kabati? Amelala saa ngapi? Kwenye Ebola ya Afrika Magharibi iliyotambuliwa 2014, wafanyakazi wa afya zaidi ya 800 waliugua, zaidi ya 500 wakafa. Kwenye Korona, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hadi Mei 2021 walikuwa wamekufa wenzetu kati ya 80,000 na 180,000 duniani. Mwaka 2022 Ebola ile ile ya aina ya Sudan ilirudi Uganda, na daktari kijana Mtanzania aliyekuwa akisomea upasuaji huko huko akafa kwa kumhudumia mgonjwa. Wetu huyo. Wazazi wake ni majirani wa mtu fulani hapa. Na Januari 2025 ilipozuka tena Kampala, mtu wa kwanza kuthibitika alikuwa muuguzi wa miaka 32.

Miaka ishirini na tano imepita tangu wanafunzi wale wa Lacor waanguke, na bado mwili wa muuguzi ndio unaotangulia kutupa habari kwamba kuna ugonjwa!

Nitawasimulia jambo moja kisha nikae.

Mwaka 2021, wakati wa Korona, wodini kwetu kulikuwa na mama mmoja mhudumu wa usafi. Dekio lake, ndoo yake ya maji ya klorini, basi. Kwa vyeo alikuwa chini yetu sote. Hakuna aliyemtuma, lakini alipiga misumari minne karibu na mlango wa wodi ya kutengwa, na kila asubuhi tulikuta miwani minne imeoshwa, imetundikwa, bado inadondosha matone.

Siku moja mgonjwa wa kitanda cha tatu alianza kubadilika rangi. Nikavaa haraka haraka, nikakimbilia mlangoni. Mama akaliweka dekio lake katikati ya mlango.

«Sista, miwani.»

«Mama, mgonjwa anashindwa kupumua. Naomba nipite.»

«Namwona. Vaa, ndipo upite.»

Nilikasirika, ninakiri. Nikachukua miwani, nikavaa, nikapita. Haikuchukua hata sekunde kumi. Nikamwinamia mgonjwa kurekebisha mrija wa oksijeni, akakohoa. Tone likatua kwenye kioo cha miwani, sawasawa na jicho langu la kushoto. Nililiona. Lilikuwa karibu kiasi kwamba sikuweza kuona kitu kingine chochote.

Mgonjwa yule alikaa siku tisa, akatoka kwa miguu yake akaenda kwao. Na mimi niko hapa nazungumza nanyi.

Ninapofikiria alfajiri ile ya Lacor, huwa siwazi ujasiri wa Daktari Lukwiya, kwa sababu huo hakupungukiwa nao siku hata moja. Huwa nawaza mlango. Natamani pale mlangoni angesimama mtu na dekio. Siku hizi wodi za Ebola zina kanuni hiyo: huvai peke yako, huvui peke yako, kuna mtu kazi yake ni kukutazama tu, na akisema simama, unasimama, hata ukiwa mganga mkuu. Kanuni hiyo nayo imelipiwa na wenzetu.

Ndiyo maana mwezi uliopita niliomba uongozi mambo mawili, na leo nayasema hadharani wakiwepo. Kwanza, kabati la vifaa vya kinga la wodi ya dharura lisiwe na kufuli usiku. Pili, mhudumu wa usafi apewe mamlaka, kwa maandishi, ya kumzuia yeyote mlangoni. La pili wamelikubali. La kwanza bado, na nitaliuliza tena Jumatatu.

Mama yule amekaa pale, safu ya pili, mwenye kitenge cha bluu. Alistaafu mwaka jana. Amenikataza kumtaja jina, kwa hiyo simtaji. Mama, ahsante.

Nimemaliza. Tutasimama dakika moja kwa ajili ya Daktari Matthew Lukwiya, na kwa ajili ya wauguzi, wanafunzi na mtawa waliotangulia mbele yake. Ila kabla hatujasimama: wa zamu ya usiku, tokeni sasa, gari liko nje. Wenzenu waliomo wodini wamesimama tangu asubuhi, wanawasubiri mkawapokee.